Mpaka Kivuli Kifike Jiweni

Mjukuu wangu ameniita mlafi. Hakuniambia mwenyewe, alimnong'oneza dada yake, lakini alikuwa amekaa upande wa sikio langu lililo zima, nikamsikia.

Kisa kilikuwa uyoga. Mama yao alikuwa ameununua Nanganga, kwa mwanamke aliyekaa kando ya barabara na ungo wake, mwanamke asiyemjua jina wala kwao. Aliupika vizuri kwa karanga, na nyumba ikajaa ile harufu ya udongo uliolowa na mti uliooza, harufu ambayo watu wa rika langu wakiipata huacha kwanza walichokuwa wakifanya. Alipochukua upawa awapakulie watoto, nikamwambia alete sufuria kwangu. Nikala mimi peke yangu, nikafunika, nikasema watoto wale ugali kwa mbaazi zilizolala. Uyoga watakula kesho.

"Bibi anaanza yeye," alisema mkubwa.

"Mlafi," alisema mdogo.

Sikumkemea. Neno hilo hilo nililisema mimi nikiwa na umri kama wake, juu ya bibi yangu mwenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo. Nalisimulia hapa kwa wenzangu waliokuwa watoto wakati wa Mdachi, maana wengi wao walikula chakula kile na sijui kama waliwahi kuuliza kilifikaje kwenye bakuli lao.

Sisi tulikuwa watu wa chini, upande wa Masasi. Baba alikuwa Myao, Mwislamu, akilima mtama na kuuza chumvi na vitambaa kidogo kidogo. Mama alikuwa Mmakonde wa Makote, juu uwandani, na alikuwa ameolewa akaondoka kwao, jambo ambalo si desturi yao. Kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Bibi, mama yake mama, hakulisahau hilo. Ndiyo maana mpaka vita vinatufika nilikuwa nimemwona mara moja tu, na sikuikumbuka vizuri.

Vita vya Maji Maji sikuviona kama vinavyosimuliwa. Sikuona mkuki ukirushwa wala sikusikia mzinga. Niliona askari wakipita, wakamchukua baba awabebee mizigo, na wakachoma ghala letu kwa kuwa vijiji vya jirani vilikuwa vimepigana nao, na wao hawakuwa na muda wa kuuliza nani ni nani. Ghala la mtama likiungua hunukia bisi. Nakumbuka nimesimama nyuma ya mama, moshi unanitoa machozi, na tumbo linaninguruma kwa harufu ile. Baba hakurudi. Habari zake zilitufikia baadaye sana, na si za kuandikwa hapa.

Mama alimfunga mdogo wangu Hamisi mgongoni, mimi nikabeba chungu kilichopona, tukapanda mlima kwenda Makote.

Bibi alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa ndonya, kile kibao cha mpingo kwenye mdomo wa juu ambacho siku hizi unakiona kwa vikongwe tu. Kwetu chini wanawake hawakuvaa ndonya kubwa kiasi kile. Nilisimama namwangalia mdomo, nikasahau adabu, mama akanifinya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hawa ndio watoto wa mwuza chumvi?" alimwuliza mama. "Mbona wana shingo kama kanga? Chumvi hailiwi?"

Kisha akatugawia ming'oko mitatu ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, mmoja kwa kila mmoja wetu, na yeye akasema meno yanamwuma. Siku ile niliamini kwamba meno yanamwuma.

Jambo la kwanza nililojifunza kule juu ni kwamba maji hayapo. Udongo wa uwandani ni mchanga. Mvua ikinyesha inazama yote, na mto uko chini bondeni. Wanawake waliteremka genge kabla ya jua kuchomoza na kurudi jua likiwa utosini, mitungi kichwani, wakipanda kwa kushika mizizi. Mama naye aliingia katika msafara huo. Maji ya nyumba yetu yalikuwa mtungi mmoja, na kila mtu alijua ameshakunywa kiasi gani. Kunawa uso kulikuwa jambo la kuombewa ruhusa.

Jambo la pili ni kwamba hatukuwa peke yetu. Nusu ya watu wa chini walikuwa wamepanda kama sisi. Mashamba ya uwandani yalikuwa madogo, na mwaka ule hata wenyeji walilima kwa hofu, wakitupa jembe na kukimbia kila waliposikia tarumbeta. Ming'oko ikachimbwa mpaka mashimo yakaonekana msituni kama makaburi ya sungura. Mvua za kwanza zilipokuja, kila mtu aliingia msituni kutafuta uyoga.

Lazima nieleze kidogo, maana vijana hawajui. Uyoga mzuri kuliko wote huota kwenye vichuguu, mahali pale pale kila mwaka. Kwa Wamakonde vichuguu vile vilikuwa na wenyewe. Mama alimwonyesha binti yake, binti akamwonyesha wa kwake, na mgeni hakuonyeshwa. Bibi alikuwa na vichuguu viwili vilivyotoka kwa mama yake. Alipovifikia mwaka ule alikuta vimeshachumwa na watu asiowajua, tena wameng'oa na shina, hawakukata. Alirudi na ungo mtupu, akakaa kwenye kizingiti. Mama akamwuliza, akajibu, "Wana njaa. Lakini wameng'oa kama nguruwe."

Tangu siku ile alianza kuleta uyoga wa aina nyingine. Aliuleta ule ambao watu walikuwa wameuacha. Mwingine ulikuwa wa kijivu, mwingine mwekundu juu na mweupe chini, mwingine ukivunjwa unatoa maziwa. Aliumwaga juu ya jani la mgomba, akaunusa mmoja mmoja, akauvunja, akaulamba kwa ncha ya ulimi na kutema. Ulioshindwa alitupa shimoni nyuma ya nyumba. Uliobaki aliuchemsha asubuhi, akamwaga maji yale, akachemsha tena. Kumwaga maji! Sisi tulikuwa tunakunywa kwa kipimo cha kifuu.

Kisha alikula. Na hapo ndipo nilipoanza kumchukia.

Alikuwa na desturi ya kuketi mbele ya chungu, sisi watoto tumeketishwa kando, naye akala peke yake. Hakula haraka. Ndonya ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, na mimi niliihesabu kwa macho kama mbwa anayemtazama mtu akila mfupa. Akimaliza alifunika chungu kwa ungo, akaweka jiwe juu ya ungo, akasema, "Mpaka kivuli kifike jiweni."

Uani palikuwa na nguzo ya banda la jiko, na upande wa mashariki wa nguzo lilikuwako jiwe la kusagia. Asubuhi kivuli cha nguzo kililala upande wa pili kabisa. Kikavutika, kikafupika, adhuhuri kikajikunja miguuni pa nguzo, halafu kikaanza kutambaa kuelekea jiwe. Kilipoligusa, jua lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Hapo tulipewa. Kuna siku, na zilikuwa mbaya zaidi, ambazo alisema kivuli kifike mara mbili, yaani kesho yake. Hamisi alikuwa mdogo, alifikiri kivuli kinaweza kusukumwa. Niliwahi kumkuta amepiga magoti anakivuta kwa viganja vyote viwili.

"Mbona yeye hangoji kivuli?" nilimwuliza mama.

"Kwa sababu yeye ni mkubwa."

"Wewe si mkubwa?"

"Nyamaza, Somoe. Chakula hakisemwi vibaya kikiwa jikoni."

Hilo nalo lilikuwa sharti. Uyoga ukiwa jikoni hakuna aliyeruhusiwa kutaja ugonjwa, wala kifo, wala jina la mtu aliyekufa. Wazee waliamini kwamba uyoga unasikia. Kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyetuambia lolote, na mimi nikabaki na macho yangu, na macho ya mtoto mwenye njaa huona chungu tu.

Niliona jambo moja zaidi lililonithibitishia. Asubuhi moja ambayo hakuteremka bondeni, mama alipiga magoti mbele ya chungu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, leo niache mimi." Akaingiza vidole. Bibi akampiga kofi la mkono, paa, vidole vikatoka.

"Wewe una watoto," alisema Bibi.

Nililielewa hivi: mwenye watoto hana haki ya kushiba. Nikamwonea mama huruma, na jioni tulipogawiwa nilimwambia Hamisi kwamba Bibi ni mlafi, kwamba huenda ndiyo sababu mama alikubali kuolewa mbali. Hamisi akauliza mlafi ni nini. Nikamwambia ni mtu anayekula mpaka mdomo unatoka mbele. Tukacheka sana, huku tunakula uyoga.

Halafu ikaja siku ya uyoga wa kahawia. Ulikuwa mzuri kwa sura, mnene, una harufu ya unga. Bibi aliunusa kwa muda mrefu, akaulamba, hakutema. Akala. Kivuli kilikuwa bado hakijageuka upande wa mashariki alipoinuka, akashika nguzo, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia akitapika. Mama alikuwa ndiyo kwanza amefika na mtungi kutoka bondeni, jasho linamtiririka. Aliutua mtungi, akachukua kifuu, akaanza kumnywesha. Alimnywesha, akatapika, akamnywesha tena. Maji yote ya siku ile, aliyoyapandisha genge kwa kichwa chake, yaliingia kwa Bibi na kutoka kwa Bibi. Kisha mama akakichukua chungu cha uyoga, akakimwaga shimoni chote na kufukia kwa mguu.

Mimi nilikuwa nimekodolea macho chungu, si Bibi. Mama alipoingia ndani kumlaza, nilikimbilia shimoni. Udongo ulikuwa mlaini bado. Nilifukua kwa mikono yote, nikapata kipande, nikakipangusa mchanga kwenye nguo, na kilikuwa kimeshafika kwenye meno yangu mama aliponishika shingo. Alinitia kidole kinywani akakikokota kipande kile. Akanichapa kwa kiganja, akanichapa tena, na yeye ndiye aliyekuwa analia. Mama hakuwahi kunipiga kabla wala baada ya siku hiyo.

"Uyoga huu umeharibika!" alisema. "Umeharibika, huelewi?"

Sikuelewa. Niliona kwamba Bibi amekula sana akavimbiwa, na kwa ajili ya kuvimbiwa kwake sisi tumenyimwa chakula na maji. Nilimweleza Hamisi hivyo. Yeye aliuliza tu kama kesho kutakuwa na maji.

Bibi hakufa. Alilala, akaamka, macho yameingia ndani na ngozi imekuwa ya njano. Miguu ndiyo haikurudi sawasawa. Alitembea mpaka uani, akashika nguzo, akarudi. Msituni hakuweza kwenda tena, na mama alikuwa anashinda kwenye genge la maji. Hapo ndipo aliponiita kwa mara ya kwanza kunisemesha peke yangu.

"Somoe. Ukiteremka na mama yako, kwenye kona ya tatu, umeuona msufi pori ulioanguka?"

"Nimeuona."

"Una masikio?"

Nilifikiri homa imempanda. Lakini nilipofika nikauona. Gogo lilikuwa limeota uyoga mweupe, mnyonge, umepangana kama masikio ya watu wanaosikiliza. Tulikuwa tukipita kila siku, na wapitaji wa kwanza ndio walioula. Siku tuliyokwenda kuuchuma ulikuwa umeshanyofolewa, imebaki mizizi.

"Masikio sitaki," alisema Bibi tulipomweleza. "Nataka gogo."

Basi mama alipanda na mtungi kichwani, na mimi nikapanda na kipande cha gogo kichwani, kila siku kipande. Watu tuliopishana nao walituuliza kama kule Makote kuni zimekwisha. Msufi pori haufai hata kwa kuni. Ukiwaka ni moshi mtupu. Bibi alivipanga vipande vile nyuma ya banda, upande usiopigwa na jua, akavilaza juu ya makapi ya mtama, akavifunika kwa mkeka uliochakaa. Akaniagiza nikate na vipande vibichi vya msufi mwingine, akavilaza ubavuni mwa vile vya zamani, vimegusana.

"Kwa nini vigusane?"

"Wewe na Hamisi mlilala mkeka mmoja, yeye ana upele. Ukafanyaje?"

"Nikapata upele."

"Ehe."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kilimo cha uyoga, na mpaka leo sijapata maelezo bora zaidi.

Shida ilikuwa maji. Gogo likikauka, alisema, ndiyo limekwenda. Kwa hiyo magogo yalipewa maji tuliyonawia mikono, na maji tuliyolowekea muhogo, na yasipotosha Bibi alichukua kifuu chake cha kunywa akakigawa nusu kwake, nusu kwa gogo. Kiu ilitukausha midomo sote, na gogo lilikuwa linakunywa. Jirani yetu, Mama Chande, mwanamke mwenye mdomo lakini asiye na roho mbaya, alikuwa akipita na kusimama kusudi.

"Mama Zainabu, naona mjukuu wako wa tatu anakunywa vizuri," alimwambia Bibi, akimwita kwa jina la mama yangu. "Ameshaanza kuamkia?"

"Bado. Akianza utamsikia."

"Atasema shikamoo?"

"Atasema karibu mboga. Nawe utaitikia mbio."

Mimi nilikaa ndani nikaona aibu. Nyumba za wenzangu zilikuwa na njaa tu. Ya kwetu ilikuwa na njaa na bibi anayelea magogo.

Askari walipiga kambi karibu na kwa jumbe, na baada ya ukavu mrefu mvua ilikuwa inanyesha mfululizo. Jumbe akaamriwa kuni kavu, na yeye akaamuru kila nyumba itoe mzigo. Tarishi wake aliitwa Mfaume, kijana wa pale pale Makote, ambaye mama yake alikuwa amechezwa unyago pamoja na Bibi. Alikuja na shoka begani na watu wawili wa kubeba. Mama alikuwa bondeni.

"Shikamoo, Mama Zainabu."

"Marahaba, baba."

"Mzigo wa kuni. Kavu."

"Unaona mvua hii? Kavu nitaitoa wapi?"

Mfaume alizunguka nyumba kama alivyoamriwa kufanya, na aliporudi alikuwa anatabasamu. "Mbona unazo? Tena umezifunika mkeka." Akawaonyesha wale wawili. Mmoja akafunua, akainua kipande cha kwanza.

"Acha hicho," alisema Bibi. "Hizo si kuni."

"Ni nini?"

"Ni shamba."

Walicheka wote watatu, na mimi, Mungu anajua, kidogo nicheke nao. Bibi hakucheka. Alijikokota kwa ukuta mpaka akafika, akaweka kiganja juu ya gogo mikononi mwa yule mtu.

"Mama, ukinikatalia nitaambiwa mimi," Mfaume alisema, na sasa hakuwa anatabasamu. "Wale hawasikii. Nikienda pungufu ya nyumba moja nitachapwa mimi, kisha watakuja wenyewe."

Bibi aliondoa kiganja juu ya gogo. "Kuni kavu?"

"Kavu."

"Ngoja."

Akaingia ndani. Tulisikia kitu kizito kinaviringishwa sakafuni. Alitokea mlangoni ameinama, anakisukuma kinu chake.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kinu kile kilikuwa cha mkongo, kilichongwa na kaka yake siku Bibi alipotoka unyagoni, na kiunoni kina mstari wa mapambo uliokuwa umelainishwa na mikono yake miaka yote ile. Mwanamke angeweza kukosa kitanda, angeweza kukosa hata mume. Kinu hakukosa.

"Mama," alisema Mfaume. "Kinu?"

"Ni kikavu. Kimekaa ndani tangu hujazaliwa."

"Mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nakutuma. Pasua."

Hakupasua mara moja. Aliangalia kinu, akamwangalia Bibi, akawaangalia wale wawili kama vile mmoja wao angesema neno. Kisha akainua shoka. Mkongo ni mgumu, alipiga sana kabla haujafunguka, na ulipofunguka ndani palikuwa na unga mweupe wa zamani ulioingia kwenye nyufa. Bibi aliinama akaukusanya kwa kidole, akamlambisha Hamisi. Kisha akaleta na mchi. "Chukua na huu. Utafanya nini peke yake?"

Mama aliporudi aliona vibanzi uani. Alitua mtungi polepole.

"Kinu kiko wapi?"

Nikanyoosha kidole kuelekea kambini, halafu nikanyoosha kwenye magogo. Mama, ambaye hakulia ghala lilipoungua, alikaa chini kwenye tope akalia kwa sauti.

"Tukipata mtama tutautwangia wapi, mama? Tutatwanga na nini?"

"Tukipata," alisema Bibi.

Habari ilienea kwa siku moja. Kachoma kinu, kafuga gogo. Watoto wa Makote walinitungia wimbo ambao sitauandika. Mvua ikakatika tena, nami nikaanza kuyaangalia magogo yale kila asubuhi, si kwa mapenzi. Nilitaka tu yafanye jambo, lolote, watu wanyamaze. Gogo moja liliingiwa na siafu. Jingine liliota kitu cheusi kinachonata, Bibi akaagiza likatupwe mbali na nioshe mikono. Mkeka ulioza ukawa sehemu ya magogo yenyewe. Wakati huo tulikuwa tunakula majani ya kunde na mizizi, na Hamisi alikuwa ameacha kukimbia. Alikuwa anakaa tu mahali alipowekwa.

Asubuhi moja nilifunua nikaona vidonda vyeupe kwenye ganda, vidogo, vigumu, kama ufizi wa mtoto anayetaka kuota jino. Nilimwita Bibi. Alikuja kwa ukuta, akachuchumaa. Akachukua kifuu chake cha maji ya siku ile, chote, akanyunyiza kwa vidole.

Kesho yake yalikuwa masikio, na kesho kutwa yalikuwa yamefunguka, mapana kuliko kiganja changu, yamepandana ngazi kwa ngazi, hata kwenye vile vipande vibichi. Bibi aliyakata kwa kisu, akaacha mashina. Aliyapika kwa chumvi ya ncha ya kidole. Hakumwaga maji ya kwanza. Hilo nililiona, nikadhani amesahau.

Ilikuwa asubuhi, na siku ile mama hakuteremka bondeni. Tulikaa mahali petu pa kawaida, kando, mimi na Hamisi, tukaelekeza macho kwenye nguzo. Kivuli kilikuwa kirefu, upande wa pili kabisa. Nikajiandaa kungoja. Bibi akaepua chungu, akachota, akajaza bakuli, akalisukuma mbele yetu.

Sikulishika.

"Kula," alisema.

"Wewe kwanza, Bibi."

"Kula, Somoe."

"Kivuli hakijafika."

"Kivuli cha nini?" alisema Bibi. "Huu nimeulea mwenyewe. Naujua toka gogo lake. Huu hauna haja."

Hamisi hakungoja mazungumzo, alikuwa ameshaingiza mkono. Mimi nilibaki namwangalia Bibi. Nikamgeukia mama, naye alikuwa amegeuza uso, anaangalia kule shimoni alikowahi kunikokota kipande kinywani. Hakuna aliyesema neno zaidi. Chungu kilikuwa jikoni. Lakini nilikuwa mkubwa wa kutosha kuweza kujumlisha: huu hauna haja, basi ule mwingine ulikuwa na haja. Kofi alilopigwa mama mkononi. Wewe una watoto. Mtungi mzima ulioingia na kutoka. Vyote vilijipanga vyenyewe, kimoja nyuma ya kingine, nami nilikuwa na uyoga kinywani, mtamu, laini.

Bibi alitupakulia tena. Akampakulia mama. Mwisho kabisa akakivuta chungu mapajani, akakwangua kilichobaki kwa upande wa kidole, ndonya ikipanda na kushuka, na sikuihesabu.

Mama Chande alikuja mchana ule ule, akafuata harufu. Hakutania. Bibi alimpa sahani, kisha akaniambia nimpe na kipande cha gogo. "Kilaze na cha kwako, vigusane," alimwambia. Mvua zilizofuata karibu kila ua wa mtaa wetu ulikuwa na magogo chini ya mkeka, na wanawake wakaulizana hali ya magogo kama wanavyoulizana hali ya watoto. Mtama tuliupata baadaye, tukautwanga kwenye kinu cha Mama Chande, na kuna siku Mfaume alileta kinu kipya, cha mti hafifu, amechonga mwenyewe vibaya. Bibi alikipokea akasema kinavuja. Alikitumia mpaka alipofariki.

Nyuma ya nyumba yangu magogo yapo. Lakini mwaka huu mvua imechelewa, hayajatoa kitu, ndiyo maana mama yao akanunua barabarani.

Jana kivuli cha paa kilipofika kwenye ngazi mara ya pili, nilifunua sufuria, nikaipasha moto, nikawapakulia watoto wote wawili mpaka ikabaki chini kidogo. Mdogo alikula haraka, kisha akanitazama.

"Bibi, wewe huli?"

"Mimi nilikula jana," nikamwambia. "Maliza."